Mgeni wa Majira ya Baridi

Je, mtu aliyezuru Berlin mwezi wa Desemba tu ana haki ya kusema kwamba anaujua mji ule? Swali hili si geni kwetu tunaofundisha Kiswahili hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaane. Mgeni ajaye wakati huo huona nyavu zimetundikwa na mitumbwi imepandishwa pwani, naye hurudi kwao akisimulia uvivu wetu.

Berlin nayo, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili na kuzama kabla ya saa kumi. Saa moja asubuhi, ambayo kwetu ni mchana, kule ni giza tupu. Mpita njia huona watu wakienda mbio bila salamu, akawaita wakavu wa moyo. Kumbe ni baridi inayowakimbiza.

Hata hivyo, si kila jambo la kusingiziwa baridi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Dharau ya baadhi ya wanafunzi wake ilimfanya aiache kazi ile; na dharau haiyeyuki Machi pamoja na theluji. Alifariki mjini humo mwaka 1927, baada ya majira ya baridi yasiyopungua ishirini. Yeye ndiye ningependa kumwuliza Berlin ni mji gani, na sidhani angeanza kwa kunitajia theluji.