Je, Anayejua Apimwe Tena?

Msomaji, nianze na swali lililonikaba koo tangu mwezi wa Agosti. Mtu anayejua kazi yake, aliyeifanya miaka nenda miaka rudi mbele za watu, ni haki kumrudisha darasani aulizwe upya kama mtoto? Na kama si haki, je, ni dhambi akipita mlango wa nyuma kuchukua kile ambacho kwa kweli anakistahili?

Najua kuna watakaosema hilo swali dogo, aende tu akapimwe, yaishe. Ngojeni kwanza. Hata mimi nililiona dogo mpaka siku niliyotiwa bahasha mkononi.

Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, aliondoka hapa Dodoma mwaka 2009 kwenda Muscat, akarudi mwaka 2023. Miaka kumi na minne. Huko mamtoni alishika usukani tu: kwanza pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, halafu gari la familia moja, watoto wa watu akiwapeleka shule asubuhi na kuwarudisha mchana. Hajagonga hata paka. Na ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka kwenye usukani ule ule. Nalisema hili mapema ili mjue aliyenituma ni nani. Si mtu wa kumwambia "sitaki" halafu ukakaa naye sahani moja.

Aliporudi alinunua gari dogo la mkononi. Leseni yake ya zamani ilikuwa imekufa kitambo. Mwaka 2010, yaani mwaka mmoja tu baada ya yeye kuondoka, nchi ilianza kutoa leseni za kadi, na ile ya kwake ikabaki kumbukumbu ya sandukuni. Akaambiwa utaratibu: aingie shule ya udereva, achukue lena, apimwe na polisi wa usalama barabarani, ndipo alipe Mamlaka ya Mapato apewe kadi.

Mjomba aliwaka. "Mimi nikakae benchi moja na watoto wa bodaboda? Nifundishwe kukanyaga klachi?"

Basi akatokea kijana mmoja wa mjini, wale tunaowaita vishoka. Akamwambia, mzee, wewe gari unalijua, ya nini kujisumbua? Lete kitu, wiki moja kadi mkononi. Mjomba akahesabu fedha, akatia kwenye bahasha, akaniita. "Mjomba," (kwetu sisi mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo) "mpelekee huyu jamaa pale Majengo, sokoni. Usifungue."

Nikatoka Chang'ombe kwa miguu, bahasha ndani ya shati, jua la Dodoma kichwani. Njia nzima nilikuwa nabishana na mjomba moyoni, na nawaambieni ukweli, alikuwa ananishinda.

Maana hoja yake ilikuwa na nguvu. Alisema hivi: uongo ni kusema lisilokuwepo. Kadi inasema fulani anaweza kuendesha gari. Mimi naweza. Uongo uko wapi? Mwongo ni yule asiyejua halafu akanunua. Mimi nanunua karatasi tu, ujuzi ninao mwenyewe. Hebu nijibu wewe unayesoma. Mwenye duka akikutoza mara mbili kwa kilo moja ya sukari, si unatafuta njia?

Jibu nililipata pale kwenye kipilefti, niliposimama kusubiri magari yapite. Nikalifikiria lile neno. Kipilefti! Tunalitamka kila siku kama la kwetu, kumbe limetokana na kibao cha Waingereza kilichowaamuru madereva washike kushoto. Nikawa naangalia magari: kila moja linaingia kwa kushoto, linazunguka, linatoka. Hakuna anayemwamuru mwenzake. Na Oman, ambako mjomba kaishi, wanashika kulia. Kipilefti chao kinazunguka kinyume na chetu.

Sasa kipi sahihi? Hakuna. Kushoto si wema wala kulia si uovu. Sweden walikuwa wanashika kushoto mpaka tarehe 3 Septemba 1967, alfajiri moja nchi nzima ikahamia kulia. Samoa wao waliacha kulia wakahamia kushoto tarehe 7 Septemba 2009, mwaka ule ule mjomba alioondoka, na sababu yao haikuwa ya mbinguni: walitaka kuagiza magari ya bei nafuu kutoka nchi zinazoshika kushoto. Hapa hapa petu, malori yanayopita Dodoma kwenda Rwanda yakifika Rusumo hubadili upande, kwa sababu ng'ambo ya daraja ni kulia. Kwa hiyo upande wa barabara ni makubaliano tu ya watu. Lakini wakishakubaliana, anayeyavunja anaua.

Hapo ndipo hoja ya mjomba ilipoanza kulegea. Kama barabara ni makubaliano, basi leseni haisemi tu kwamba mkono wako unajua kuzungusha usukani. Inasema umekubaliana na watu wa hapa. Na makubaliano ya Muscat hayakunihusu mimi, wala bibi anayevuka na ndoo yake pale Majengo. Miaka kumi na minne mjomba alikuwa amekubaliana na watu wengine.

Nikakumbuka na jambo jingine. Alipofika Oman walimpima. Kule kuna mtihani wa mapipa: unarudisha gari nyuma katikati ya mapipa bila kuyagusa. Alifeli mara mbili. Mwenyewe alitusimulia kwenye simu huku akicheka, "Nchi ya watu, lazima ufuate yao." Hakutafuta kishoka. Hakusema ananyanyaswa. Mbona kwa wageni alikubali kupimwa, ila kwao anaona ni kudhalilishwa? Au sheria tunaiheshimu tukiwa na woga tu, na nyumbani hatuna woga?

Haya yote niliyawaza, lakini ujasiri wa kumwambia sikuwa nao. Nikafanya la mtu mwoga. Nikarudi na bahasha nikamwambia, "Mjomba, yule jamaa sikumkuta."

Mnaona? Nilizuia udanganyifu kwa uongo. Mkinihukumu, nihukumuni na kwa hilo.

Akaipokea, akaiweka kabatini. "Basi nitampelekea mwenyewe wiki ijayo."

Ijumaa yake, kabla jua halijatoka, akaniamsha twende upande wa Kondoa kumwona mgonjwa. Leseni hana. Nilijua, na nilipanda. Ndani ya mji alikwenda vizuri kabisa, maana ukiwa na gari mbele yako unalifuata tu. Kichekesho kilikuwa kimoja: kila akitaka kukata kona, badala ya indiketa anawasha waipa. Kwenye magari ya kule kijiti cha indiketa kiko mkono wa kushoto, kwenye haya ya kwetu kiko kulia. Waipa zinafuta vumbi la Agosti, sisi tunacheka.

Tukapita Msalato. Mbele kidogo ya Makutupora akasimamisha gari tukashuka kuchimba dawa. Barabara tupu, lami imenyooka, kimya kile cha nyika unakijua kama umekulia huku. Tukapanda, akaondoa gari. Tukaendelea na stori zetu. Mimi siendeshi, sikuona kitu. Yeye anaendesha, naye hakuona kitu. Tulikwenda pengine kilomita nzima upande wa kulia, kwa amani kabisa, kama tuko Muscat.

Halafu mbele yetu, katika ule mwanga hafifu, baiskeli. Magunia mawili ya mkaa, na mzee nyuma ya magunia. Yuko kushoto kwake, mahali pake halali, na sisi tunamjia uso kwa uso.

Mjomba alikanyaga breki. Yule mzee alijirusha kwenye majani, baiskeli ikaenda kule, mkaa ukamwagika barabarani. Gari lilisimama hatua chache tu kutoka kwenye gurudumu.

Tukashuka mbio. Mzee anajifuta magoti, mzima. Mjomba anatetemeka midomo, anasema samahani baba, samahani sana baba. Yule mzee hakutukana. Alitutazama mmoja mmoja, akaangalia namba ya gari, ya hapa hapa Tanzania, akauliza taratibu, "Kwani ninyi ni watu wa wapi?"

Mjomba, aliyezaliwa Dodoma, kitovu chake kilizikwa hapa, hakuweza kujibu.

Tulikusanya mkaa kwa mikono. Tulimlipa uliovunjika, alikataa kuzidisha. Kisha mjomba akanipa funguo nishike, tukakaa kwenye jiwe mpaka jua likapanda na akapita jamaa tunayemfahamu, akatuendeshea gari kurudi mjini.

Ndugu msomaji, lile tukio limenifundisha kwamba yule kishoka alikuwa anauza mali isiyo yake. Alidhani anauza kadi. Lakini ruhusa iliyomo ndani ya kadi ni ya nani? Ni ya yule mzee wa mkaa. Ndiye anayetoka nyumbani gizani akiamini kwamba kila chuma kinachomjia kimepimwa na mtu kwa niaba yake. Hawezi kusimama barabarani akamhoji kila dereva. Polisi anayepima anapima kwa niaba ya mzee huyu. Bahasha yangu ingemruka yeye, na asingejua kamwe kwamba ameuzwa.

Na nimejifunza kuhusu kujua. Tunadhani asiyejua ndiye wa hatari. Asiyejua anaogopa, anakwenda polepole, anatazama huku na huku. Mjomba alikuwa wa hatari kwa sababu alijua sana. Mkono wake ulikuwa na miaka kumi na minne ya kulia, na penye magari ulificha, penye utupu ukajitokeza. Mtihani haukutakiwa kumfundisha gari. Ulitakiwa umfundishe kwamba amerudi.

Kuna atakayeniambia, mbona wapo waliopimwa vizuri na kadi wanazo, na bado wanaua watu? Kweli wapo. Ahadi zinavunjwa kila siku. Lakini anayevunja ahadi angalau tunaweza kumshika kwa aliyoahidi. Asiyeahidi kabisa tumshike kwa lipi?

Mjomba alitoa ile bahasha kabatini, na fedha zile zile akalipia shule ya udereva. Alikaa benchi na watoto wa bodaboda. Mwalimu wake angeweza kuwa mwanawe. Wiki ya kwanza alirudi amenuna, ya pili akawa anatuuliza maswali ya alama za barabarani wakati wa kula. Ameipata kadi yake. Waipa bado anaziwasha mara moja moja.

Siku aliyokuja nayo nyumbani nilimpa shikamoo nikamwambia ukweli: siku ile sokoni sikufika. Nilizunguka kipilefti nikarudi.

Akanitazama muda. "Nilijua," akasema. "Yule kijana alinipigia jioni ile ile kuuliza mbona hujafika."

Hakuongeza neno. Nami hadi leo sijui kwa nini alinyamaza wiki nzima, na kwa nini, akijua ninadanganya, hakuipeleka bahasha mwenyewe kesho yake. Nimejaribu kuliandika kama hadithi nikashindwa, ndiyo maana nimeleta kama swali. Ila hili nina hakika nalo: sisi wawili, tuliokuwa tunaogopana, kila mmoja alikuwa na ukweli mfukoni, na kwa sababu hatukuutoa, mzee wa watu ambaye hakuwamo katika maneno yetu karibu alipe yeye.

Sasa nawe unayesoma. Umelipiwa ada na mtu, anakutuma bahasha. Utaifikisha? Utamwambia hapana usoni? Au utafanya kama mimi, uzunguke kipilefti na kurudi na uongo? Jibu usilitoe haraka. Kwanza mfikirie mzee wa baiskeli.