Ushahidi wa Jicho

Mji wa Unguja una bahari upande wa magharibi. Kwa hiyo jua linapokuchwa siku ya 29 ya Shaabani, watu husimama ufukoni kuutafuta mwezi mwandamo. Mara nyingi kinachoonekana kwanza si mwezi. Ikiwa Zuhura iko magharibi msimu huo, hung'aa kabla ya giza kuingia, na jicho likiisha kunaswa na mng'aro wake huwa zito kutafuta uzi mwembamba ulio chini, karibu na wekundu wa machweo.

Nilikuwa kijana wa miaka 17 nilipotoa ushahidi nisiokuwa nao. Mzee mmoja alinyosha kidole akasema, "Ule pale!" Nilitazama, nisione kitu. Wenzangu wakaitika mmoja mmoja kwamba wameuona; nami, kwa haya, nikaitika. Mtaa wetu ukaanza mfungo kwa vinywa vyetu. Huenda wenzangu waliona kweli, na huenda mwezi ulikuwapo. Linalonisumbua si hilo. Je, neno la kweli likisemwa na mtu asiyejua kuwa ni kweli, amesema kweli au amesema uongo?

Wapo wasemao kuwa hesabu za wanafalaki zimetuondolea mashaka haya. Hesabu hueleza mwezi ulipo, tena kwa usahihi mkubwa. Haziwezi kueleza kwamba mimi nimeuona.

Jioni ya tarehe 1 Desemba, 2008, Zuhura na Mshtarii zilikaa karibu na mwezi mchanga, na hapana aliyehitaji shahidi. Lakini tuliona nini? Nuru ya mwezi ilikuwa imesafiri sekunde moja na kidogo, ya Zuhura dakika kadhaa, ya Mshtarii zaidi ya nusu saa. Kila mmoja wetu pale angaliapa kwamba zi pamoja. Mtu huyo angalikosa bila ya kusema uongo. Mimi, katika ujana wangu, labda nilipatia bila ya kusema kweli. Kati ya hao wawili najua nani ningependa anishuhudie.

Jioni hiyo hiyo mjukuu wangu alinionyesha upande wa giza wa mwezi, ule unaopata nuru hafifu inayorudishwa na dunia yetu.

"Babu, unauona?"

Nilitazama kwa muda mrefu. Macho yangu yamechoka. Watu waliotuzunguka walikuwa wakiusifu uzuri wake.

"Siuoni," nikamwambia.