Jumatano: Tunda na Kidonge

Soma Mwanzo 1:29 na Ezekieli 47:12. Mungu aliweka nini ndani ya mimea kwa ajili ya mwanadamu?

Karoti, mapera na mchicha vina antioksidanti, yaani viini vinavyosaidia kuzikinga seli za mwili zisiharibiwe. Wengine walidhani kiini hicho kikiwekwa peke yake kwenye kidonge kitafaa zaidi. Huko Ufini, wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini, kiini kinachoipa karoti rangi yake, walikuwa wameugua saratani ya mapafu kuliko wenzao.

Basi tule kwa shukrani alivyoviumba Mungu, lakini tusivifanye kuwa mwokozi. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ameuziwa unga wa mlonge. Hezekia aliomba, kisha akawekewa andazi la tini juu ya jipu (2 Wafalme 20:1–7). Tini zilitumika, aliyeponya ni Bwana.

Tafakari: Mshiriki mwenzako akikuambia ameacha dozi ili anywe mitishamba, utamwambia nini kwa upendo?