Kiongozi na Kosa Lake

Tumezoea kumsifu kiongozi kwa ukali alio nao juu ya nafsi yake. Asiyejionea huruma, tunasema, hatamchekea mzembe, na kazi itakwenda. Nadhani tunakosea tangu mwanzo. Mtu asiyeweza kulivumilia kosa lake hathubutu hata kulitazama, na asiyelitazama atatafuta wa kumtwika. Ndiyo maana, chini ya bosi wa namna hiyo, taarifa hupikwa kabla ya kupanda juu: mhasibu anajua ni takwimu zipi zisionekane, na katibu muhtasi anajua ni siku gani faili lisipelekwe mezani. Ukali huo haukai moyoni mwa mwenyewe; hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mfagizi, ambaye hana wa kumshushia.

Huruma kwa nafsi si kujililia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, katika maandishi yake ya mwaka 2003, aliieleza kwa sehemu tatu: kujitendea kwa upole unaposhindwa, kukumbuka kwamba kukosea ni fungu la kila binadamu, na kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyaficha. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza kwa kuwa ni tamu. Kwa kiongozi, nzito ni ya tatu. Atakayesema huu ni mlango wa uzembe, namuelewa, ila ushahidi haumuungi mkono. Juliana Breines na Serena Chen walichapisha mwaka 2012 majaribio yao, na katika mojawapo wanafunzi walioshindwa mtihani mgumu wa msamiati, kisha wakahimizwa wasijilaumu kupita kiasi, walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya mtihani uliofuata kuliko wenzao waliotulizwa kwa kusifiwa akili. Chumba cha mtihani si Ikulu, nakubali. Hata hivyo imani kwamba mtu hasogei bila kiboko inahitaji utetezi bora kuliko mazoea.

Tanzania inao mfano wa kupimia jambo hili. Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika ambavyo wakulima wa pamba na kahawa walikuwa wamevijenga tangu enzi za ukoloni. Katika miaka ya 1980, akiwa bado madarakani, Mwalimu alisema wazi kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Wakati huo sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimeshafungua njia ya kuyarejesha yote mawili. Sidai kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Nausoma mwenendo tu. Hakujivika joho la mtakatifu aliyehujumiwa, wala hakujitangaza kuwa si kitu. Kiongozi ambaye heshima yake yote imesimama juu ya kutokosea asingeweza kutamka maneno hayo, kwa sababu yangemwangusha pamoja na sera yenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ni nani aliyempa kiongozi ruhusa ya kujisamehe deni analodaiwa na wengine? Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya raia waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuteswa, wengine hadi kufa. Aliwajibika kwa matendo ya waliokuwa chini yake. Baadaye alikuwa balozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na Rais wa Muungano mwaka 1985. Anayeona cheo ndicho uhai wake hukishikilia hata kikinuka. Anayejua kwamba nje ya cheo bado ni mtu, huweza kukiachia. Lakini kurudi kwa Mwinyi madarakani hakukuwalipa waliokufa, na yeyote anayeusimulia mkasa huu kama hadithi ya ushindi wa mwanasiasa amewasahau wafiwa. Huruma kwa nafsi humwezesha kiongozi kulikabili kosa. Haimpi mamlaka ya kulifuta. Aliyeumizwa anabaki na haki ya kukataa kusamehe. Na hapo ndipo tofauti ya viongozi wawili huonekana: yule ambaye hawezi kujivumilia mpaka asamehewe atawabana wafiwa waseme yamekwisha, atawaita wachochezi wakikataa, na atapeleka mchele na kamera. Mwenzake ataleta majina ya waliohusika na fidia inayostahili, kisha atawaacha na hasira yao kwa muda wote watakaoihitaji.