Masafa ni Deni la Nani?

Mgeni mmoja kutoka pwani, mtu wa elimu na adabu, aliketi nasi barazani hapa Mpanda, akasikia watu wakinung'unikia bei ya petroli iliyobandikwa kwenye kituo cha mafuta, akauliza kwa utulivu ulioniudhi kuliko ukali: "Kwani nani aliwalazimisha kukaa huku?" Baraza zima lilicheka. Swali hilo limenikaa kooni hata leo.

Maana ya ruzuku ya kuwafidia walio mbali gharama za masafa wachumi wameshaieleza, nami sina ugomvi nao. Watu wengi huikubali kwa visiwa, kwa kuwa bahari huonekana kwa macho. Hakuna anayestaajabu serikali ikiendesha kivuko cha Ukerewe, au kile cha Nyamisati na Mafia. Walakini msitu wa miombo, kwa mtu anayengoja lori la saruji katika majira ya mvua, hutenga watu kama maji yatengavyo.

Nirudi kwa mgeni. Kama anataka historia, ipo: serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi na kuwakusanya pamoja kwa hofu ya malale, serikali yetu wenyewe, katika miaka ya 1970, iliwahamisha wengine kwa Operesheni Vijiji, na waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 hawakuyachagua makazi ya Katumba kwenye ramani, bali waliwekwa hapo. Kwa hao swali lina jibu, na jibu lenyewe ni serikali. Lakini sitaki kushinda kwa hoja hiyo pekee, maana wapo Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, ambao wazee wao walikuwa na maskani katika nchi hii kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Hao hawakwenda mbali na mtu yeyote. Waliokuja baadaye ndio waliochagua mahali pa bandari, wakaanza kuhesabu maili kutoka gatini kwao, kisha wakamwambia aliyekuwako tangu zamani kwamba umbali ni hiari yake.

Rafiki zangu hupenda kumjibu mtu wa namna hii kwamba mahindi na mpunga wa mkoa wetu wa Katavi hulisha miji. Ni kweli, lakini jibu hilo silipendi, kwa sababu linaitundika haki ya mtu kwenye mizani ya gunia; na bibi asiyeweza tena kushika jembe, je, yeye ndiye alipe nauli kamili?

Na tazama jambo hili. Kwa miaka mingi Mpanda iliwaka kwa majenereta ya dizeli iliyosafirishwa kutoka pwani, na hata hivyo TANESCO iliuza uniti moja hapa kwa bei ile ile ya Dar es Salaam, wala hakuna aliyeita jambo hilo sadaka. Mafuta yaliyopita njia hiyo hiyo yakiingia katika tangi la bodaboda, mdhibiti EWURA huandika bei kikomo ya kila mji pamoja na gharama za kuyafikisha, na raia wa Mpanda analipa masafa yote. Nayo barabara ni ile ile. Ni insafu gani inayomtambua raia akiwasha taa na kumsahau akipanda pikipiki?

Hapa siwezi kuipita reli yetu, ingawa najua nazurura, kwa kuwa siichoki. Njia ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi za msitu, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Hakuna aliyeyauliza yale mawe nani aliyalazimisha kukaa huko. Wahandisi walikata miti, wakajenga madaraja, wakayafuata mawe yalipolala. Mgodi ukafungwa, risasi ikamaliza safari zake, na mabehewa yakabaki kubeba abiria, kuku na magunia. Kumbe umbali wa jiwe ulikuwa shughuli ya dola, ilhali umbali wa mtu ni kosa lake.

Wapo wanaosema kwamba ruzuku huishia katika mifuko ya wafanyabiashara, na kwamba bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, katika miaka ya 1970, ilisaidia kulitwika Shirika la Usagishaji madeni. Wana haki ya kusema hivyo.

Lakini lipo linalonitatiza kuliko hayo. Lita ya bei nafuu ataipata bibi wa Kibende, na ataipata vilevile tajiri aliyekuja juzi kutafuta dhahabu, ambaye kwa hakika alichagua. Tena bei ya kibao huishia penye pampu. Katika vijiji vya kuelekea Karema petroli huuzwa katika chupa za maji, kandokando ya njia, na bei yake huijua mwenye chupa. Nikisema hazina ilipe masafa mpaka Mpanda, sina hoja ya kuizuia isilipe mpaka huko. Na nikisema ilipe mpaka huko, sioni ni wapi pa kuiambia basi.