Mkeka wa Kamari na Mkeka wa Sala

 

Ndugu zetu Waislamu, hivi karibuni nilikwenda Kitale kuhani msiba, na baada ya matanga nikashika njia ya Endebess mpaka Suam, pale mpakani ambapo mto uteremkao kutoka Mlima Elgon umeitenga Kenya na Uganda. Huko yuko kijana wetu, mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye chuoni alisoma pamoja na wanangu. Alikwenda kununua mahindi kwa wakulima wa Trans Nzoia ayalete pwani. Mtaji haukuwa wake. Mama yake aliuza bangili zake, na shangazi zake wawili wakamkabidhi walichokuwa nacho, wagawane faida.

Nilipofika nilikuta ghala tupu. Nikamwuliza mahindi yako wapi, akainamisha kichwa. Kisha akanitolea daftari. Ndani yake mna safu tatu, kila safu ya kampuni moja ya kubeti, na kila mstari ni mchezo mmoja wa mpira wa kikapu wa Marekani, ule wa mashindano ya NBA. Kampuni hii yalipa 1.85 kwa kila shilingi, ile 1.90, na ya tatu 1.95. Yeye huchagua penye nyingi. Akaniambia: “Ami, mimi sichezi kamari. Mimi nalinganisha bei. Mchuuzi azungukaye maduka matatu kutafuta bei njema ana kosa gani?”

Swali hili, ndugu zangu, si la kupuuzwa, wala halijibiwi kwa ukali. Vijana wetu wengi wa pwani wameliweka moyoni, na hapana mtu aliyewajibu. Kwa hivyo nalijibu kwa hesabu kwanza, kisha kwa sharia.

Chukua mchezo ambao timu mbili zina nguvu sawa. Kampuni yaweka 1.90 kila upande. Mtu mmoja aweka shilingi 100 upande huu, mwengine aweka 100 upande wa pili. Kampuni imepokea 200, na yeyote atakayeshinda hulipwa 190. Shilingi 10 zimebaki kwa kampuni kabla mpira haujarushwa. Akihamia kwenye 1.95, zitabaki 5. Basi faida yote ya kulinganisha kwake ni kuchagua kisu kitakachomchinja polepole zaidi.

Kisha kuna huo waitao “mkeka”, yaani kufunga michezo mingi pamoja katika dau moja. Michezo mitano ya namna ile ina miisho 32, na mmoja tu ndio wake. Ingekuwa haki, shilingi 100 zingelipwa 3,200. Lakini 1.90 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hata itimie michezo mitano huwa kiasi cha 24.76, basi hulipwa 2,476. Zaidi ya humusi ya haki yake imekwisha kuliwa. Juu ya hayo, tangu Julai 2025 serikali ya Kenya hutoza asilimia 5 katika fedha iingiayo kwenye mfuko wa kubeti, na 5 nyengine katika fedha itokayo. Na yule mmoja katika wengi awezaye kuishinda hesabu hii kwa werevu wake, yako makampuni ulimwenguni ambayo humpunguzia kiwango cha kuweka, au humfungia mlango. Je, ni duka gani hilo limfukuzalo mnunuzi kwa kuwa anajua kununua?

Kijana alisema kuwa yeye ana ilimu ya mchezo wenyewe. Nikamwuliza: unajua lililo ndani ya moyo wa mchezaji? Mwaka 2007 ilifichuka kuwa Tim Donaghy, mwamuzi wa NBA, alikuwa akibeti michezo, hata ile aliyoiamua yeye mwenyewe; akafungwa. Mwezi wa Aprili 2024 Jontay Porter wa Toronto Raptors alifukuzwa maisha, kwa kuwa alitoa siri za afya yake kwa wenye kubeti na akatoka uwanjani mapema ili wao wapate. Mtu aliye Suam, mwendo wa maelfu ya maili, atayaonaje hayo katika daftari lake?

Sasa tuje kwenye sharia. Mchuuzi anaponunua gunia la mahindi, mkulima hupata fedha, mchuuzi hupata gunia, na mji hupata unga. Wote watatu wameondoka na kitu. Mwenye kubeti hanunui kitu. Hapana gunia, hapana kazi, hapana manufaa yaliyozaliwa. Fedha imetoka mfuko huu ikaingia ule, na kila shilingi ya furaha kwa mmoja ni shilingi ya majuto kwa mwenzake. Hii ndiyo “maysiri” ya Waarabu wa Jahiliya, waliopiga mishale juu ya ngamia wa kuchinjwa, huyu akapata fungu na yule akalipa bei. Nao walikuwa wakiwapa maskini ile nyama! Hata hivyo Qurani ilikiri, katika Suratul Baqara, aya ya 219, kuwa yako manufaa ndani yake lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikaikataza kabisa pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, na ikaeleza sababu: huleta uadui na chuki, na huzuia watu na kumkumbuka Mungu na kusali.

Tazameni jinsi kamari na ramli zilivyowekwa mahali pamoja. Leo kijana hununua utabiri wa mchezo kwa mtu asiyemjua, na mwengine huenda kwa mganga kutizamiwa nyota kabla ya kutandika mkeka wake. Na tazameni hilo neno la kuzuia sala. Michezo ile huchezwa jioni Marekani. Kwetu huanza kama saa tisa za usiku na huendelea mpaka alfajiri. Ni thuluthi ya mwisho ya usiku, wakati ambao Mtume ametufundisha kuwa maombi hujibiwa. Kijana wetu alikuwa macho saa hiyo kila usiku, uso wake kwenye simu. Aliamka na wenye kuamka, lakini alitandika mkeka mwengine.

Wako wasemao: mbona serikali imeruhusu? Ruhusa ya serikali si halali ya Mungu. Hapo Suam, sheria ya Uganda ya 2016 yamkataza kubeti aliye chini ya miaka 25. Ya Kenya yawaruhusu walio wadogo kuliko hao. Basi yuko kijana aliye mkosa ng’ambo ya mto, na akivuka daraja huwa hana kosa. Dhambi haifutwi kwa kuvuka daraja.

Lakini lawama isiwe ya vijana peke yao. Sisi wazee twaona matangazo ya kubeti katika jezi za watoto wetu, na twapiga makofi. Twamsifu aliyepata, hatuulizi amepataje. Twamnyima kijana mkopo mwema wa shilingi elfu kumi, kisha twashangaa akiutafuta mtaji kwenye simu.

Yatupasa mambo haya. Aliyeingia atoke leo, asingojee kurejesha alichopoteza, kwani kungoja huko ndiko kulikowamaliza wengi. Aliyepoteza amana ya watu, toba yake haitimii mpaka ailipe au asamehewe na wenyewe. Aliyepata fedha kwa njia hii asiilete msikitini kujengea sifa. Na kila mtaa uanze mfuko wa mkopo mwema, hata kama ni mdogo.

Kijana yule nilikaa naye siku tatu. Siku ya tatu alifuta makampuni yote katika simu yake, akaniomba nimfikishie mama yake habari. Nilikataa. Nikamwambia, “Mwanangu, bangili ni zake, nenda ukamwambie wewe.” Tulishuka pamoja mpaka Mombasa, na mlangoni kwao nikamwacha aingie peke yake. Sasa yuko sokoni, abeba magunia ya watu kwa ujira, na kila Ijumaa hupeleka kidogo kwa shangazi zake. Deni ni kubwa na mapato ni madogo, lakini ni ya halali.

Mwenyezi Mungu atukinaishe na halali yake, na awaongoze vijana wetu na sisi. Wabillahi taufiki.