Gunia la Pili

Swali letu la leo ni dogo, na linaulizwa jikoni kuliko kanisani. Habari mbaya ikifika mjini kwamba unga utakosekana, je, ni halali jamaa ya Wakristu inunue gunia la pili na kuliweka chini ya kitanda? Wengine watacheka. Watasema: feza ni zangu, gunia ni langu, kitanda ni changu, Kanisa linatafuta nini pale? Wengine hawatacheka, kwa sababu hawajasahau mwezi wa nane wa mwaka 2024.

Tuwaeleze wasomaji wanaokaa mbali. Sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, sehemu kubwa ya unga tunaokula haitoki katika mashamba yetu. Unatoka Zambia, au mahindi yake yanatoka huko, na njia yake ni Kasumbalesa, mpaka usiofika kilometa mia toka Lubumbashi. Si jambo la jana. Reli ya kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na tangu zamani zile chakula cha wafanyakazi kilipanda gari moshi pamoja na makaa ya mawe. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa watu wake mposho. Baba wa jamaa hakununua unga. Aliupokea kwa kipimo, kadiri ya mke na watoto walioandikwa. Gécamines ikafuata desturi ile, hata watoto wengi wa kambi walikua bila kujua kwamba unga una bei. Baadaye mambo yakaharibika, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa kazi. Hapo swali la gunia likaingia katika nyumba ambazo hazikulijua.

Tarehe 29 ya mwezi wa pili, mwaka 2024, Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa zima. Karibu hektari milioni moja za mahindi zilikauka, kati ya hektari milioni mbili na kidogo zilizopandwa. Mwezi wa nane ukaleta jambo lingine. Serikali yetu ilikuwa imekataza bia na vinywaji vya chupa visiingie toka nje, manunguniko yakatokea mpakani, na Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Zilikuwa siku chache tu, kisha njia ikafunguliwa. Ugomvi ulikuwa juu ya chupa, lakini hofu iliingia katika sufuria ya bukari.

Katika siku za namna hii kila mtu anayajua yanayofuata. Radio inasema asubuhi saa moja. Saa mbili, unga uliolala dukani tangu juzi, ulionunuliwa kwa bei ya juzi, unapanda bei kabla lori moja halijasimama njiani. Saa tatu wenye feza wanapakia magunia. Saa kumi mama anayenunua kwa meka, kipimo cha jioni moja, anakuta duka tupu ao bei isiyolingana na feza iliyofungwa katika kitambaa chake. Hakuna mtu aliyeiba. Kila mmoja alilipa. Hata hivyo watoto wa mama yule wanalala na maji ya chai. Basi zambi iko wapi? Ni ya nani?

Swali hili si geni. Cicero, mwenye elimu wa Roma, aliandika juu ya kazi na wajibu za watu mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristu. Alitoa mfano wa mfanya biashara aliyetoka Aleksandria na merikebu ya ngano kufika Rodo, ambako watu walikuwa na njaa. Njiani aliona merikebu nyingine nyingi zenye ngano zinakuja nyuma yake. Je, ni lazima awaambie watu wa Rodo, ao anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta walimu wawili wanaobishana. Diogene anasema kunyamaza si kuficha. Antipatro anasema mnunuzi ajue yote ambayo mwuzaji anajua, kwa kuwa watu wote ni wa ukoo mmoja. Cicero mwenyewe anamfuata Antipatro.

Mtakatifu Toma wa Akwino, miaka elfu moja na mia tatu baadaye, alilishika swali lile lile. Jibu lake linawashangaza wengi. Anasema mwuzaji anayeuza kwa bei aliyoikuta, bila kutaja merikebu zinazokuja, hakuvunja haki. Lakini akitaja, ao akipunguza bei, ametenda kwa wema mkubwa zaidi. Tumesikia watu wakifurahi hapo: Mtakatifu ametupa ruhusa! Wasifurahi upesi. Mtu wa Rodo alinyamaza habari njema, na aliuza kwa bei aliyoikuta sokoni. Mtu wetu wa saa mbili anapiga kelele kwa habari mbaya, na bei anaipandisha yeye mwenyewe. Mtu wa Rodo aliivuka bahari na kuuza ngano yote. Mtu wetu hakuvuka hata barabara, tena anaacha nusu ya magunia nyuma ya pazia mpaka kesho. Kitabu cha Mezali, sura ya 11, kimekwisha kumtaja mwenye kuzuia nafaka, na hakimtaji kwa sifa.

Lakini tuwaache wafanya biashara. Wana hesabu yao. Sisi tuliuliza juu ya mama wa nyumba, asiyeuza kitu, anayetaka tu watoto wale. Je, naye ni mwenye kosa?

Kwanza tuseme wazi kwamba kuweka akiba si zambi. Babu zetu walijenga gala la mahindi juu ya nguzo, panya wasipande, na hakuna padri aliyewaambia walibomoe. Yozefu katika Misri alikusanya sehemu ya tano ya mavuno kwa muda wa miaka saba, na Maandiko yanamwita mtu wa akili. (Wanaopenda kumtaja Yozefu wasome mpaka sura ya 47, waone namna watu walivyotoa feza, kisha ng'ombe, kisha mashamba, kisha wao wenyewe, mpaka wote wakawa watumishi wa Farao. Akiba inaokoa, tena inaweza kufunga.) Zaidi ya hayo, Mtakatifu Paulo anamwandikia Timoteo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake. Baba akisema kwamba Mungu atamwuliza kwanza habari za watoto wake, amesema kweli.

Tofauti iko wapi, basi? Tunaiona katika siku, si katika gunia. Gala la babu lilijazwa wakati wa mavuno, kila mtu akiwa na mahindi. Lilipojaa, halikupunguza chungu cha jirani. Gunia la pili la mjini linanunuliwa siku ya hofu, dukani kuna magunia kumi na mlangoni kuna watu thelasini. Gunia lile lile, lenye kilo 25 zile zile, likinunuliwa mwezi wa sita baada ya mavuno ni busara. Likinunuliwa asubuhi ile limetoka katika mikono ya mtu aliyesimama nyuma yetu.

Mtu atajibu: vema, lakini nani anaweza kununua mwezi wa sita? Mwenye mshahara. Mama wa meka hawezi kuweka akiba mwezi wowote. Jibu hili ni la haki, na linatupeleka mbali kuliko tulivyotaka. Maana yake ni hii: kwa mwenye feza, kununua mapema si ruhusa tu, karibu ni wajibu, ili siku ya hofu asiwepo mlangoni pa duka. Aliyekuwa na mshahara mwezi wa sita, akautumia kwa bia na kitambaa, kisha akaja mwezi wa kumi na mbili kusukumana na wajane, hawezi kusema kwamba analinda watoto wake. Alikuwa na nafasi ya kuwalinda bila kumdhulumu mtu.

Kuna pia mama ambaye zamu yake ya likelemba imeangukia siku ile ile ya habari mbaya. Wenzake wamemletea feza asubuhi, nyumbani kuna vinywa vinane, na debe la unga linaonyesha chini yake. Huyu anunue gunia lake bila kusumbua zamiri. Gunia la kwanza la nyumba isiyo na unga halina mashtaka mbele ya Mungu. Asimsikilize mtu anayetaka kumtia haya.

Juu ya gunia la pili, unga wenyewe unatusaidia kuhukumu. Mama wote wanajua: unga wa kinu cha mtaa, uliosagwa pamoja na kiini cha mahindi, una mafuta ndani yake, na baada ya majuma machache unaanza kuwa mchungu. Mvua zikinyesha, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, gunia lililo chini ya kitanda linapata unyevu, kisha ukungu, kisha vidudu. Wana wa Israeli waliona jambo hilo jangwani. Kila mtu aliokota mana ya kutosha siku yake, na waliolaza ya kesho waliikuta na funza. Lakini siku ya sita waliokota mara mbili kwa amri ya Mungu, na ile haikuoza. Chakula kilikuwa kimoja. Siku ya sita walilaza kwa kutii, siku nyingine walilaza kwa kutosadiki.

Tena tujihazari na neno jamaa. Katika nchi yetu nani anajua vizuri vinywa vya nyumba yake? Leo ni sita, kesho mtoto wa dada anafika na mfuko wake, na nyanya anakuja kutibiwa macho. Mwanzo wa mwaka 2025, Goma na kisha Bukavu ziliposhikwa na M23, wengi waliokimbia hawakufika kwanza kwa watu wa misaada. Walifika kwa ndugu, wakagonga mlango. Mwenye kuhesabu gunia kwa vinywa vya leo tu amesahau mlango ule. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila nyumba yenye magunia mawili ina uroho. Nyumba nyingine ina magunia mawili kwa sababu mlango wake haufungwi, na bukari yake inachanganywa na unga wa mihogo ili itoshe wote, na mboga ni lenga-lenga na ndakala kidogo. Nyumba nyingine ina gunia moja na nusu, na saa ya kula mtoto anatumwa kufunga mlango kwa ufunguo. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, na nabii alimwomba mkate wake kwanza. Hakumwomba kwa sababu alikuwa na wingi.

Hatujataja bado kosa ambalo kwetu ni kubwa kuliko gunia. Ni habari yenyewe. Zamani ilikuwa radio tu, na radio ilikuwa na saa zake. Sasa simu iko mezani pembeni ya sombe, na sauti ya mtu asiyejulikana inasema: mpaka umefungwa, nunueni, tumeni kwa wengine. Baba, kabla hajameza tonge, amekwisha kuituma kwa watu arobaini. Nani ameona? Hakuna anayeuliza. Mpaka uko wazi, malori yanapita, lakini jioni bei imepanda kweli, kwa sababu watu arobaini wameambia mia nne, na mia nne wamekwenda dukani. Uongo umejifanya kweli kwa miguu ya waliousadiki. Wakristu wengi wanaona hapo kosa dogo la amri ya nane, neno la ulimi tu. Sisi tunaona amri ya saba pia. Aliyetuma habari ile bila kuuliza ameondoa franka katika kitambaa cha mama wa meka, ingawa mkono wake haukugusa kitambaa. Na watoto wanatazama. Mtoto anayeona baba yake anasoma bei kwa uso wa hofu anaanza kukata tonge ndogo, ao anaanza kuficha kipande cha bitoyo chini ya bukari asimpe mdogo wake.

Inabaki jamaa iliyokwisha kununua gunia la pili siku ile, kwa hofu, na sasa linalala pale chini. Lifanyweje? Mtakatifu Toma anafundisha kwamba katika shida ya mwisho mali inakuwa ya wote. Kwa hiyo kama jirani hana kitu kabisa, kumpa si zawadi, ni haki yake. Kama jirani ana feza kidogo, lakini bei ya duka inamshinda, hapo ni mapendo, na mapendo yana njia rahisi: gunia lifunguliwe, liuzwe kwa meka, kwa bei lililonunuliwa. Mume atasema, na feza ya mwenye kinga aliyelibeba? Iongezwe, igawanywe kwa meka zote, si zambi. Asiwepo tu mtu wa kuweka vidole ndani ya kipimo, wala kipimo chenye kitako kilichopigwa nyundo. Meka ijae mpaka unga ufanye kilima juu yake, na mtoto aliyetumwa kununua apewe matabishi yake.